Kombe la Ramadhani lililovurugwa na doti nyekundu: kisa cha chumba kimoja cha gemu Mombasa

## Kisa kwa ufupi

Kuna chumba cha gemu hapa Mombasa kilikuwa na kombe lake la COD (Call of Duty, gemu ya kupigana risasi) kila Ramadhani, watu wakitoka tarawehe wanaingia, wanacheza mpaka karibu na daku. Miaka yote lilikuwa linachezwa kwa Black Ops II kwenye PS3. Ramadhani ya 2023 mwenye chumba akalihamishia Modern Warfare II kwenye PS5, kombe likavurugika katikati, likamaliziwa kwa gemu ile ile ya zamani, na mpaka leo kuna vijana hawamtambui aliyeshinda.

Nakiandika kwa sababu kila COD mpya ikitoka wenye vyumba wanauliza swali lile lile, ninunue ama nisinunue, na jibu wanalitafuta kwenye grafiki na kwenye trela. Hapa grafiki haikumkosea mtu. Kilicholeta fujo ni kitu kidogo kwenye kona ya skrini ambacho hakuna trela inakuonyesha.

Majina nimetoa, mtaa nimetoa, na mambo mengine madogo nimeyageuza ili watu wasitambulike. Watu muhimu ni watatu. Mwenye Chumba, vijana wote wanamwita Ami. Mkongwe, barobaro anayekaribia thelathini, anafanya kazi mchana na kucheza usiku, amelelewa na Black Ops II. Na Dogo, bado yuko sekondari, yeye amejifunzia Modern Warfare ya 2019 kwa kina binamu yake na Black Ops II anaiona kama kitu cha wazee.

## Chumba na mchezo wake

Chumba kiko chini ya gorofa, mlango mmoja, feni mbili, mashine nne. Biashara kubwa ni gemu za mpira, usidanganywe na mtu, mpira ndo unalipa kodi na tokeni za stima. COD ni ya pili lakini ndiyo inayoleta watu wazima, wale wa kutoka kazini, wanaokaa muda mrefu na kuagiza soda na viazi karai hapo nje. Mtindo ni wawili kwa TV moja, skrini imegawanywa juu na chini, shilingi 20, anayefungwa ndiye anayelipa. Kwa hiyo pesa ya chumba iko kwenye idadi ya mechi zinazoisha kwa saa. Hilo liweke akilini, litarudi.

Na skrini ikigawanywa lazima kuwe na chabo. Kila mtu anachungulia upande wa mwenzake, hata akiapa hachungulii. Kwa Black Ops II watu walikuwa wanalalamika kidogo halafu wanaendelea, kwa sababu ile gemu yenyewe ilikuwa inakupa habari nyingi. Ukifyatua bunduki isiyo na sailensa unatokea doti nyekundu kwenye mapu ndogo ya adui, ile ya kwenye kona ya skrini. Basi hata ukinichungulia umepata nini, ulikuwa ushaniona kwenye doti.

## COD ilivyofika hapo

Nipite haraka haraka, kwa sababu bila hii historia utadhani Mwenye Chumba alihama kutoka gemu moja kwenda toleo lake jipya tu. Hakufanya hivyo.

COD ya kwanza ilitoka 2003 kwa kompyuta, vita vya pili vya dunia, imetengenezwa na Infinity Ward. Iliyogeuza kila kitu ni Call of Duty 4 ya 2007, ndiyo iliyoleta kujipangia klasi yako (bunduki na vifaa unavyoingia navyo), perki (nguvu za ziada), prestiji (kuanza ngazi upya kwa beji), na zile kilstriki, zawadi za kuua mfululizo, za 3, 5 na 7: ukiua watatu mfululizo unapata UAV, ndege ya kukuonyesha maadui kwenye mapu, watano ndege za mabomu, saba helikopta. Kutoka hapo imekuwa gemu moja kila mwaka, lakini si mkono mmoja unaoitengeneza. Mwaka huu Infinity Ward, mwaka ujao Treyarch, baadaye Sledgehammer nao wakaingia kwenye zamu. Kila studio ina tabia zake. Treyarch wanapenda kasi na habari ziwe wazi kwenye skrini. Infinity Ward wa miaka ya karibuni wanapenda mtu atembee polepole, asikilize, ashike kona.

Black Ops II ni ya Treyarch, Novemba 2012. Ndiyo ilikuja na mtindo wa pointi 10, bunduki na perki na vifaa vyote vinatoka kwenye pointi hizo hizo 10, unachagua mwenyewe unajinyima wapi. Na kilstriki zikageuka kuwa za alama, kwa hiyo mtu anayekamata eneo naye anapata chake, si muuaji peke yake.

Baada ya hapo ikaja miaka ya kurukaruka: Advanced Warfare 2014, Black Ops III 2015, Infinite Warfare 2016, watu wana roketi migongoni na wanatembea ukutani. Mwenye Chumba aliionja moja kwenye PS4, watoto wakaipenda, wakubwa wakarudi zao kwa PS3 pale kwenye kona. 2017 na WWII miguu ikarudi chini. Halafu 2019 Infinity Ward wakatoa Modern Warfare mpya, injini mpya, bunduki unaijenga kipande kwa kipande, na hapo ndipo doti nyekundu ilipoondoka kwenye mapu ndogo. Ukifyatua unaonekana kwenye dira ile ya juu ya skrini, mwelekeo tu, si mahali ulipo. Modern Warfare II ya 28 Oktoba 2022 ikaendelea na msimamo huo huo wa mapu, ikaongeza hatua za miguu zinasikika sana, na ikaua ule ujanja wa kukata slaidi (kuteleza chini ukiwa mbioni) katikati ili utoke mbio upya, ambao vijana walikuwa wameuzoea tangu 2019.

Kwa hiyo ukihesabu, kuhama kutoka Black Ops II kwenda Modern Warfare II ni kuruka miaka kumi na wakati huo huo kubadilisha studio. Majina yote mawili yanaanza na Call of Duty, basi watu wanaona ni nyumba moja.

## Kwa nini aliamua kuhama

Sababu zake zilikuwa za maana, sitaki mtu aseme alikurupuka. PS3 zilikuwa zimechoka, moja ilikuwa inasoma diski ikitaka, na padi zake nzima zilikuwa hazipatikani kirahisi, zile za kuigiza zinakufa mapema. PS5 alikuwa ameinunua kwa ajili ya mpira na ilikuwa bado haijajilipa. Na vijana walikuwa wanamcheka waziwazi. Dogo alimwambia mbele ya watu, "Ami, hii ni gemu ya babu yangu, tuwekee ya watu walio hai." Mwenye Chumba akacheka lakini ilimchoma.

Alipoinunua akakutana na la kwanza: diski ya PS5 ya Modern Warfare II ina kama megabaiti 70 tu ndani yake, gemu yenyewe yote inashushwa kwa intaneti. Ile habari ilikuwa imezunguka sana ilipotoka lakini yeye haikumfikia. Zile za PS3 unatumbukiza diski unacheza, hii unatumbukiza diski unaanza kusubiri. Akaishusha usiku, siku kadhaa kabla ya Ramadhani, mashine imewashwa na feni imegeuziwa mgongo wake kwa sababu mwezi wa tatu hapa Mombasa hata ukuta unatoka jasho. Hilo alilifanya vizuri.

Na sheria za kombe akaziandika kwenye karatasi akabandika ukutani: klasi zile za tayari zilizokuja na gemu, hakuna kujijengea bunduki, hakuna ngao, hakuna mabomu ya kutega, mechi ni dakika kumi ama idadi ya vifo iliyopangwa, kinachotangulia. Klasi za tayari alizichagua makusudi ili Dogo na wenzake wasiwashinde wakubwa kwa kujua vipande vya bunduki badala ya kujua kupiga. Huo uamuzi naupa maksi zote.

## Wiki ya kwanza: vidole

Kitu ambacho kila mtu alidhani kitaleta shida ni padi. Kwa PS3 COD inafyatuliwa kwa R1 na kulenga ni L1. Kuanzia PS4 imehamia R2 na L2, na kwa PS5 hiyo R2 inakaza kidole kama traiga ya kweli. Mkongwe siku ya kwanza alikuwa anarusha bomu kila akitaka kufyatua, watu wakacheka mpaka wakalia, akapoteza mechi mbili kwa kujilipua mwenyewe.

Ikachukua dakika chache tu kurekebisha. Dogo mwenyewe ndiye aliyemwonyesha, ukiingia kwenye setingi kuna chaguo la kugeuza, R1 ikarudi kuwa R1, na ule ugumu wa traiga unazimwa. "Haya kaka, usiseme nimekuonea," akamwambia. Mkongwe akashukuru, mechi iliyofuata akashinda. Wote wakaona mambo yamekwisha, sasa ni ustadi tu.

Baada ya siku mbili tatu ndo ikaanza kuonekana kuna kitu hakiko sawa. Mechi zilikuwa haziishi. Black Ops II ukiwa kwenye Hijacked, ile mapu ya meli ya kitajiri, mtu anafyatua, anatokea kwenye mapu, mwenzake anamfuata, anakufa mmoja, wanazaliwa upya, biashara inaendelea. Modern Warfare II kwenye mapu ya Farm 18 watu wawili walikuwa wanatafutana kama waliopotezana Kongowea siku ya soko. Anayetembea anasikika, anayefyatua haonekani, basi mwenye akili anasimama. Mechi zikawa zinaisha kwa zile dakika kumi kutimia na alama ni nne kwa tatu. Foleni nje inarefuka, wengine wanaondoka kwenda kula mishkaki na hawarudi, na Mwenye Chumba anaangalia daftari lake anaona usiku umeisha na mechi zilizochezwa ni chache kuliko mwaka wa nyuma.

Wakajaribu kubana uwanja. Wakahamia Shipment, ile mapu ndogo ya makontena matupu, ambayo hapa jina lake likawa Kilindini, kama bandari yetu, siku ile ile. Kidogo ikasaidia, mechi zikaisha. Lakini mtu mmoja kwa mmoja pale unazaliwa mgongoni kwa adui, unakufa, unazaliwa, unakufa, wakubwa wakasema hii ni bahati nasibu.

## Wiki ya pili: katoni

Hapa ndipo kisa chenyewe kilipo.

Infinity Ward walipoondoa doti kwenye mapu hawakukuacha kipofu. Walikupa sauti. Hatua za miguu ni nzito makusudi, mtu mwenye hedifoni nyumbani kwake, skrini yake peke yake, anasikia adui yuko kushoto nyuma ya ukuta. Ni mabadilishano, doti imetoka, sikio limeingia. Unaweza kuyapenda ama kuyachukia lakini yana mantiki yake.

Sasa chukua mabadilishano hayo uyaweke kwenye chumba chetu. Wachezaji wawili, TV moja, spika moja. Hatua za wote wawili zinatoka mahali pamoja, zimechanganyika, hujui zipi zako zipi zake. Juu yake kuna feni mbili, mashine tatu za mpira watu wanapiga kelele za goli, na bodaboda nje. Doti imeondoka na sikio halikuingia. Habari imebaki mahali pamoja tu katika chumba kizima, nayo ni ile nusu nyingine ya skrini.

Chabo ikageuka kutoka tabia mbaya kidogo ikawa ndiyo gemu yenyewe. Anayejua kusoma skrini ya mwenzake kwa jicho la pembeni anashinda, asiyejua anafungwa. Na ugomvi ukaanza.

"Ami, huyu anaangalia kwangu!"

"Sasa nifunge macho? TV ni moja!"

"Wallahi umeangalia, nlikuwa nimelala chini nyuma ya trekta, ungejuaje?"

"Nimekusikia."

"Umenisikia wapi na kelele zote hizi, yakhe?"

Usiku mmoja Mkongwe na kijana mwingine, wala si Dogo, walisimama wakashikana mashati. Mwenye Chumba akawatenganisha, akazima mashine, akakaa kimya kidogo halafu akaenda nyuma akaleta katoni ya feni. Akaikata ubapa, akaibandika kwa selotepu kati kati ya TV, imelala kama rafu, imetokeza mbele kiasi cha mkono. Anayecheza nusu ya juu anakaa kwenye stuli ndefu, anayecheza nusu ya chini anakaa kwenye mkeka sakafuni. Wa juu haoni chini, wa chini haoni juu. Ukiingia chumbani ungedhani watu wamewekewa turubai la msiba, lakini ikafanya kazi kabisa. Malalamiko ya chabo yaliisha usiku ule.

Na mechi zikawa ndefu zaidi. Kwa sababu sasa hata ile habari ya mwisho imekatwa. Watu wawili hawaonani, hawasikiani, wamesimama kila mtu kona yake wakiangalia mlango. Mkongwe akasema maneno ambayo nadhani yana uchambuzi ndani yake kuliko nitakayoandika huko chini: "Katoni imeondoa wizi, lakini ule wizi ndo ulikuwa unatukutanisha."

## Usiku wa 12 Aprili

Kombe likasonga hivyo hivyo, likafika nusu fainali, kumi la mwisho linaingia. Mwenye Chumba aliweka nusu fainali zote mbili usiku wa Jumatano tarehe 12 Aprili. Hakujua, na hakuna aliyemwambia, kwamba siku hiyo ndiyo Season 3 ya Modern Warfare II, yaani msimu mpya wa gemu, inatoka, na saa yake kwa huku kwetu ni mbili usiku, watu wako kwenye tarawehe.

Wakarudi, chumba kimejaa mpaka mlangoni, wanawasha mashine, gemu inataka apudeti kwanza. Intaneti ya chumba usiku wa Ramadhani, mtaa mzima uko macho na simu mkononi, ule mstari wa kushusha ulikuwa unatambaa. Wakasubiri. Saa nne ikapita. Wengine wamekuja na wageni wao kuangalia.

Alikuwa na njia tatu. Kuahirisha mpaka kesho. Kugawanya zawadi kwa wanne waliobaki. Ama kutoa PS3 kwenye kona na kumaliza na Black Ops II, gemu yote iko kwenye diski, haiombi ruhusa ya mtu. Akachagua ya tatu. Sababu yake aliniambia baadaye: watu walikuwa washalipa kiingilio na washakuja, kuahirisha kumi la mwisho ni kupoteza nusu yao kwa sababu wengi wanaingia itikafu ama wanasafiri kwa Idi, na alihisi akiwarudisha nyumbani bila mchezo hatawaona tena mwakani.

Dogo alikuwa kwenye nusu fainali. Akakataa kwanza, akasema hii si gemu aliyoilipia. Wakubwa wakamwambia cheza dogo, COD ni COD. Akacheza. Akafungwa vibaya sana na Mkongwe kwenye mapu ya Raid, nadhani hata watu waliokuwa wanamshangilia Mkongwe walinyamaza kidogo. Fainali ikachezwa usiku huo huo, Mkongwe akachukua kombe.

## Matokeo

Pesa za Mkongwe zililipwa. Siku ya pili Dogo na wenzake walikuja kudai kiingilio chao, si kwa ugomvi, walikuja na hoja: kombe lilitangazwa la Modern Warfare II, karatasi iko ukutani. Mwenye Chumba akawarudishia waliofika nusu fainali kwa gemu ile na wakaangushwa kwa nyingine, yaani Dogo peke yake ukiangalia vizuri, kwa sababu nusu fainali ya pili ilikuwa ya wakubwa watupu na hawakulalamika. Dogo akachukua pesa lakini chumbani hakuonekana mpaka baada ya Idi.

Kwa upande wa biashara, mwezi ule COD ilileta pesa kidogo kuliko Ramadhani ya kabla yake, na sababu kubwa si fujo, ni urefu wa mechi. Mpira ndio uliobeba chumba.

## Kilichofanya kazi na kilichoharibika

Nianze na hili la wazee na vijana kwa sababu ndilo lililozungumzwa sana barazani. Maneno yalikuwa kwamba wakubwa wamepitwa na wakati ndo maana hawaipendi gemu mpya, na vijana hawana ustadi ndo maana wamefungwa kwa gemu ya zamani. Yote mawili si kweli. Kati ya toleo na toleo COD haibadilishi sana kulenga, mtu anayelenga vizuri 2012 analenga vizuri 2022, na vidole vya Mkongwe vilirudi kwa kugusa setingi moja. Inachobadilisha ni nani anapata habari gani na anaipata vipi: nani yuko wapi, amefyatua lini, anatembea ama amesimama. Mkongwe alikuwa amejenga miaka kumi ya kusoma doti. Dogo alikuwa amejenga miaka mitatu ya kusubiri kwenye kona bila doti. Kila mmoja alikuwa stadi wa aina yake ya kutafuta mtu, na ukimtoa hapo anaonekana mjinga.

Katoni ninaipenda kama ubunifu na ninaiona kama kosa la kusoma tatizo. Mwenye Chumba aliona ugomvi akatibu ugomvi. Lakini chabo ilikuwa dalili, watu walikuwa na njaa ya habari. Ungeweza kwa mfano kubaki bila katoni na kuondoa ile sheria ya klasi za tayari tu, ukawaruhusu watu wajipangie wenyewe wapate UAV mapema, ama kuwapa mechi wawili kwa wawili ili mwenzako akuitie adui kwa mdomo, kwa sababu chumba kile sauti pekee inayosikika vizuri ni ya mtu aliyekaa karibu yako. Sisemi ingefaulu kwa hakika. Nasema ilikuwa inalenga mahali pa maumivu.

Klasi za tayari na kupiga marufuku mabomu ya kutega, vizuri, ziliwaweka watu sawa kwenye silaha. Kushusha gemu mapema, vizuri. Lakini alishusha gemu akasahau kwamba COD za sasa haziishi kushushwa. Ya 2012 ilikuwa kitu, unakinunua ni chako kilivyo. Ya 2022 ina misimu, kila msimu unaleta mapu na bunduki na mabadiliko, na tarehe zake zinatangazwa kabla. Anayepanga kombe anatakiwa aangalie kalenda ya misimu kama anavyoangalia mwezi.

Uamuzi wa usiku ule wa kutoa PS3, hapa watu tunatofautiana. Mimi naona ulikuwa sawa kwa chumba na si sawa kwa Dogo, na kilichokosekana ni kuusema kabla. Kama karatasi ya ukutani ingekuwa na mstari mmoja kwamba mashine ikigoma tunamalizia gemu fulani, Dogo angeingia akijua, pengine angeifanyia mazoezi kidogo. Kubadilisha gemu kwenye nusu fainali ni kumchagua mshindi bila kukusudia.

## Ramadhani iliyofuata

Novemba 10 2023 ikatoka Modern Warfare III, zamu ya Sledgehammer. Mtandaoni iliondoka na mapigo, stori yake fupi, wakasema hii ni apudeti ya ile ya 2022 imeuzwa kwa bei ya gemu nzima, na kwa kweli hata ukiiwasha unapitia mlango mmoja na hiyo ya 2022 na bunduki zako za zamani zinakufuata. Mimi kama mnunuzi wa nyumbani ningenung'unika pia. Kwa chumba ikawa dawa.

Doti nyekundu zikarudi kwenye mapu ndogo. Kukata slaidi kukarudi. Uhai ukapanda kutoka 100 hadi 150, kwa hiyo mtu akikupiga wa kwanza hujafa bado, una nafasi ya kugeuka. Na mapu zote 16 za mwanzo ni zile za Modern Warfare 2 ya 2009 zimetengenezwa upya, Rust, Terminal, Highrise, Favela. Mkongwe alipoingia Terminal alikuwa anatembea kama nyumbani kwao, Dogo alikuwa anamshangaa amejuaje ule mlango. Lakini miguu, ile slaidi ya kukatakata, ilikuwa ya Dogo. Mmoja anajua nyumba, mwingine anajua kukimbia.

Kombe la 2024 likachezwa bila katoni. Chabo ilirudi kuwa malalamiko ya kawaida ya kucheka. Mechi zikaisha kwa idadi ya vifo badala ya saa. Fainali ilikuwa Dogo na Mkongwe kwenye Rust, Dogo akashinda, na Mkongwe akamnunulia juisi ya ukwaju mbele ya watu wote. Season 3 ya mwaka huo ilitoka 3 Aprili, Ramadhani tena, lakini Mwenye Chumba alikuwa ameiona mapema na fainali ikawa ishamalizika kabla yake. PS3 nayo ilikuwa imeandikwa kwenye karatasi kama mashine ya akiba, na haikuguswa.

Black Ops 6 ilikuja 25 Oktoba 2024, Treyarch hao tena, sasa unakimbia na kuslaidi na kujirusha upande wowote hata kinyumenyume, na uhai umerudi 100. Vijana walianza kumsukuma siku ile ile. Ameiweka kwa mechi za kawaida tu, shilingi 20, anayefungwa analipa, na daftari liko pembeni: anahesabu mechi ngapi zinaisha kwa saa, na anasikiliza ni lini mtu wa kwanza ataanza kupiga kelele kwamba ameangaliwa skrini yake.